Ukijiita dairekta kabla hujajua kazi, utamuuliza nani?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, na ikiwa ndefu nivumilie maana hili jambo nimekaa nalo moyoni miaka mingi. Juzi nilisoma humo barua ya msomaji mmoja anayelalamika kwamba sisi tunaofanya kazi za ubunifu za kujitegemea, wachora logo, wapiga picha, wahariri wa vidio, waandishi wa matangazo, hatuheshimiwi kwa sababu hatujajipa vyeo vikubwa, eti tuanze kujiita madairekta na makonsalta ndo watu watatulipa vizuri. Huyo ndugu namheshimu na uchungu wake naujua. Lakini dawa aliyoitoa mimi naikataa, na naikataa kwa sababu niliinywa.

Mimi ni mtu wa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Nachora mabango, napanga kalenda, kadi za harusi, vitabu vya risiti, vibandiko vya boda, saa zingine napiga picha za pasipoti. Hapa kwetu Kiswahili ni lugha ya soko, mteja mmoja anatoka Ariwara upande wa Kongo, mwingine ameshuka kutoka Koboko, mwingine Mnubi wa hapahapa, mwingine Mlugbara, tunakutana kwenye Kiswahili na bei inaeleweka. Julai 2020 Arua ilipofanywa jiji, kila duka lilitaka kubadilisha bango, nikachora neno hilohilo City mpaka mkono ukachoka. Kazi ipo. Heshima ndo shida.

Mwaka 2014 nilinunua laptopu ya mtumba kwa pesa ya tumbaku aliyouza baba. Nikajifundisha mwenyewe usiku, kwa vidio za intaneti, bando ikiisha nalala. Makerere sikusoma, ile shule ya sanaa aliyoianzisha Margaret Trowell mwaka 1937 naisikia tu kwa wenzangu waliopita pale. Hilo halikuwa kosa, watu wengi wazuri wamejifundisha wenyewe. Kosa lilikuja mwaka 2016 nilipojichapishia kadi, jina langu juu, chini yake Dairekta wa Ubunifu kwa herufi za rangi ya dhahabu, chini yake jina la kampuni, na mwisho kabisa Ltd.

Kampuni haikuwepo. Hata jina la biashara sikuwa nimelisajili URSB, ile ofisi ya serikali ya kusajili biashara, achilia mbali kampuni, na hizo herufi tatu za Ltd watu wanaziweka kama maua wakati zina maana kwenye sheria, kwamba hii ni kampuni iliyosajiliwa. Ofisi ilikuwa chumba cha mjomba wangu fundi cherehani, mimi nakaa kwenye kona ya meza yake ya kukatia vitambaa, akitaka kutandaza kitambaa nainua laptopu nashika mapajani. Alafu kwenye simu nilikuwa nasema "sisi". Timu yetu itakaa, tutajadili, tutakurudia. Nakata simu, nakaa pale peke yangu na mjomba anakanyaga cherehani, baada ya nusu saa napiga tena nasema tumekubaliana.

Ule uongo wa "sisi" nadhani ndo umeenea kuliko wote kwenye kazi zetu na hakuna anayeuona kama uongo. Mteja akisikia "sisi" anapanga mambo yake kwa kuamini ukiugua kuna mwingine atamaliza, umeme ukikatika kwako kuna mwenzako mahali pengine anaendelea, ukikosea kuna jicho la pili. Anaweka pesa yake juu ya watu ambao hawapo.

Novemba mwaka huohuo parokia moja ikanipa kazi ya kalenda 1,000 za mwaka 2017, kalenda ya ukuta ya karatasi moja, picha ya Bikira Maria juu na miezi 12 chini. Bei shilingi 3,000 kila moja, jumla milioni 3, wakanipa advansi milioni 1 na laki 8 mkononi. Nilikuwa na miaka 23, sijawahi kushika hela hiyo. Nikapanga kalenda kwa siku nne, kwenye kioo cha laptopu ilikuwa inang'aa kweli, buluu ya lile vazi la Maria nikaikoleza mpaka ikawa kama inawaka. Nikavaa tai, nikapanda basi la usiku, Pakwach, Karuma, alfajiri niko Kampala, asubuhi niko Nasser Road.

Asiyeijua Nasser Road nimweleze kidogo. Ni mtaa wa machapisho, kutoka mwanzo mpaka mwisho ni mashine, karatasi, wino, vijana wanakuvuta mkono wakuonyeshe sampuli, msimu wa kampeni utakuta posta za wagombea zimefungwa marobota mpaka njiani, na hata sifa yake mbaya ya vyeti vya kughushi kila Mganda anaijua. Nikaingia duka moja, nikampa fleshi kijana wa kupokea kazi. Kijana mdogo kwangu, kavaa kandambili. Akaniuliza, "Ssebo," yaani bwana kwa Kiganda, "blidi umeweka?"

Hilo neno sikuwa nimelisikia hata siku moja.

Mhariri, nikumbuke vizuri maana hapa ndo penyewe. Nilikuwa na sekunde kama mbili. Ningesema tu "blidi ndo nini?" angenieleza kwa dakika moja, angefungua faili tukarekebisha palepale, na mimi leo nisingekuwa naandika barua hii. Lakini kadi yangu ilikuwa juu ya meza yake, Dairekta wa Ubunifu, nimeiweka pale mwenyewe nilipoingia. Dairekta anamuulizaje mtu wa kandambili? Nikasema, "Ndiyo, ipo." Akaandika kwenye karatasi, kazi ikaenda.

Kwa wasomaji ambao si wa kazi hii, blidi ni ile rangi ya ziada unayoiacha ipite nje ya mstari wa kukatia, milimita 3 hivi kila upande, kwa sababu karatasi ikipangwa robota zima na mashine ya kukatia ikashuka, haikati kwenye nukta ileile kila mara, inacheza kidogo. Na ndani ya mstari pia unaacha nafasi, maandishi yasikae ukingoni. Mimi sikuacha nje wala ndani. Miezi nilikuwa nimeipanga minne kwa mstari, kwa hiyo upande wa kulia kabisa walikaa Aprili, Agosti na Desemba, na wiki naanza Jumatatu, kwa hiyo ukingoni kabisa kwa kila mwezi ilikaa Jumapili.

Nilipokea mzigo usiku umeshafungwa kwa karatasi ya kaki, nikakimbilia basi bila kufungua. Tukaufungua parokiani mbele ya Padri, katibu na akina mama wawili wa kamati. Jumapili zilikuwa zimekatwa. Pasaka ya mwaka 2017 ilikuwa Aprili 16, pale penye 16 imebaki 1, penye 23 imebaki 2, penye 30 imebaki 3. Kalenda ya kanisa isiyo na Jumapili. Na ile buluu ya Bikira Maria ilikuwa imegeuka zambarau, rangi ya Kwaresima, maana kioo cha laptopu kinatengeneza rangi kwa mwanga, ndo wanaita RGB, na mashine inatumia wino wa rangi nne, CMYK, na buluu inayowaka vile wino hauwezi kuitoa, inaangukia zambarau. Hilo pia sikulijua na hilo pia sikumuuliza mtu.

Yule mama mmoja wa kamati alipitisha kidole pale penye 1 akasema kwa sauti ndogo, "Sasa hii Pasaka tutaiona wapi?" Hakunigombeza. Padri naye hakunigombeza, alisema tu, "Mwanangu, kama ungetuambia hili hulijui tungekutafutia wa kukusaidia, tunao watu." Ningependa wangenipigia kelele.

Nikarudi Kampala na nakala moja nimeikunja. Pale dukani wakanipeleka nyuma kwa mzee anayeendesha mashine, Heidelberg ya zamani, ina umri kunizidi mimi. Alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa cha mafuta ya taa. Akaichukua kalenda, akatoa kioo kidogo cha kukuzia, akaweka jicho kwenye vazi la Maria, akaniita na mimi niangalie. Nikaona vidoti. Kila rangi niliyokuwa naiona kumbe ni vidoti vya buluu, waridi, njano na nyeusi vimekaa karibukaribu. Akauliza nani kapanga hii, nikasema mimi, akauliza na wewe ni nani, nikampa kadi. Akaisoma. Hakucheka. Akasema, na maneno haya nayashika mpaka leo, "Mimi niko na hii mashine miaka 31 na bado naitwa mtu wa mashine. Ikilia vibaya namwita mwenzangu hapo jirani namuuliza, hakuna atakayeshangaa. Wewe na hiki cheo utamuuliza nani?"

Basi nikakaa pale siku tatu, usiku nalala juu ya marobota ya karatasi. Akanionyesha blidi, akanionyesha nafasi ya ndani, akanionyesha kwamba maandishi madogo usiyatengeneze kwa rangi nne, weka nyeusi peke yake, maana karatasi ikisogea hata unywele mmoja herufi zinaonekana mbilimbili. Vitu vya dakika kumi kila kimoja, ambavyo miaka miwili nilikuwa sivijui na sikuwa na njia ya kuvijua, kwa sababu nilikuwa nimejipandisha mahali ambapo mtu haulizi. Kalenda nilizichapisha upya kwa deni. Nikauza kamera, kaka yangu akaniongezea, deni lenyewe likachukua zaidi ya mwaka. Kadi zote zilizobaki nilizitia kwenye jiko la mjomba la kuwashia makaa ya pasi.

Kwa hiyo huyo ndugu msomaji anaposema tujipe vyeo, mimi naona cheo usichokifikia kinakuibia kwanza wewe kabla hakijamwibia mteja. Kinakufunga mdomo. Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na mimi nilikuwa natembeza cheo kwa sababu kazi yangu ilikuwa bado haiwezi kusimama mahali na kuuzika.

Kuna kitu kingine kuhusu kazi zetu ambacho watu hawakiangalii. Uganda mtu hawezi tu kuamka akajiita injinia, kuna sheria ya kusajili mainjinia tangu mwaka 1969, kuna bodi, kuna orodha, na wasanifu majengo nao wana sheria yao, madaktari wana baraza lao, mawakili hivohivo. Jina linalindwa kwa sababu daraja likianguka watu wanakufa. Sisi hatuna bodi kama hiyo. Mtu akipakua programu leo jioni kesho asubuhi ni dizaina mkuu, hakuna wa kumkamata. Wengine wanafurahia huo uhuru, mimi unanitia hofu, maana mteja kama mama mwenye kiduka cha nguo hana orodha ya kuangalia, ana neno langu tu. Neno langu ndo bodi yake. Nikilichezea hana bodi ya kwenda kunishtaki, na pesa yake ni ya sabuni na karo.

Na wateja wa hivyo wanaumizwa kila siku. Namjua mama aliyelipia logo laki 3, akaambiwa imechorwa kwa ajili yake peke yake, akachapisha mifuko, akachapisha bango, alafu akasafiri kwenda Mbale akakuta kinyozi ana logo ileile, jani lilelile na duara lilelile. Ilikuwa templeti, mchoro uliotengenezwa tayari ambao yeyote anaweza kuuchukua. Templeti si dhambi, mimi mwenyewe nazitumia kwa kadi za mwaliko na namwambia mteja hii ni templeti na bei yake ni ndogo. Shida ni kuiuza kama uchoraji. Zile templeti zinapewa watu maelfu, huwezi kwenda URSB ukaisajili kama alama yako ya biashara useme ni yako wewe tu, kwa hiyo yule mama hakununua alichodhani amenunua. Sasa hivi na akili mnemba imeingia, mtu anaandika maneno kumi picha inatoka, alafu anajiita mchoraji. Sema ulivyofanya! Sema hii imetoka kwenye kompyuta mimi nimeirekebisha, bei ni hii. Mteja si mjinga, atachagua.

Na kazi za kuonyesha, zile unazoweka kwenye simu ili mteja aone unachoweza. Nimeona vijana wameweka mabango ya watu wengine kabisa, hata bango langu nililochora kwa mkono ukutani nimelikuta kwenye simu ya kijana ambaye sijawahi kumuona, mpaka ile sehemu rangi ilinidondokea imo. Sikumgombeza. Nilimwonyesha lile doti la rangi nikamwambia hilo doti ni la mkono wangu, siku hiyo ngazi iliteleza.

Sasa nisije nikaonekana nawalaumu vijana peke yao, maana upande wa pili wa meza nao kuna uongo na pengine ndo uliozaa huu wetu. Hapa kwetu tunapenda vyeo jamani. Nenda kwenye sherehe yoyote, kabla chakula hakijaja mshereheshaji ametambua wageni kwa muda mrefu, mheshimiwa, injinia, hajji, daktari, mwenyekiti, kila mtu anainuka anapunga mkono, alafu mpiga picha aliyesimama juani tangu asubuhi anaitwa "kijana wa kamera sogea hapo". Nina dada mmoja tunayefanya naye kazi, anapiga picha za harusi vizuri mno, anaitwa "huyu binti wa picha" hata na watu anaowazidi umri. Kwa hiyo naelewa kwa nini mtu anatamani aandike kitu kizito kwenye kadi. Anatafuta tu kuonekana.

Na kuna ujanja mmoja wa wateja ambao lazima niuseme, wa kukupa cheo badala ya pesa. Msimu mmoja wa kampeni mgombea mmoja aliniita, akanikumbatia mbele za watu, akasema kuanzia leo wewe ndo Mkuu wetu wa Habari. Watu wakapiga makofi. Nikatengeneza posta, nikatengeneza vidio, nikakesha, nikanunua bando yangu, nikapanda boda zangu, na kila nikiuliza malipo naambiwa wewe ni wa ndani bwana, wa ndani haandiki invoisi. Miezi minne. Cheo kile kingekuwa kazi kweli kingekuwa na mshahara, na mimi ningekuwa najua naripoti kwa nani na ruhusa yangu inaishia wapi. Ni wale wale wanaosema kazi ndogo tu hii ya dakika mbili, tutakutangaza, fanya kwanza tuone. Kumnyima mtu malipo na kumpa jina ni kumdanganya sawasawa na mimi nilivyoidanganya parokia kwa ile kadi.

Yule dada wa picha ndo amenifundisha njia nzuri ya kujibu. Akiitwa binti wa picha anatabasamu anasema, "Mimi ni mpiga picha wa harusi, karatasi ya bei hii hapa." Anatoa karatasi. Imeandikwa masaa mangapi, picha ngapi, zinatoka baada ya siku ngapi, advansi nusu, na chini kabisa kuna mstari ambao ulinishangaza nilipousoma mara ya kwanza, vidio sifanyi, nitakuelekeza kwa anayefanya. Nilimuuliza hawakukimbii kwa huo mstari? Akasema huo ndo unaowafanya waamini mistari mingine. Hajawahi kujiita kitu chochote zaidi ya mpiga picha, na sasa akina baba wanaotafuta mpiga picha wa harusi ya binti yao wanampigia yeye kwanza, wanapanga hata tarehe ya harusi kwa kuuliza yeye yuko huru lini.

Kwenye karatasi pia ndo haki zetu zinakaa, na hili wenzangu wengi hawalijui. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 2006 inasema kazi uliyoagizwa na mtu, kama hamkuandikiana kitu kingine, hakimiliki yake inakuwa ya aliyekuagiza. Yaani wewe unatembea unasema ile logo ni yangu, kumbe bila mkataba si yako tena, kilichobaki kwako ni haki ya kutambuliwa kwamba wewe ndo uliyeitengeneza. Sasa fikiria kwenye risiti umeandika jina la kampuni isiyokuwepo. Hata hiyo haki ya kutambuliwa umeigawia kivuli. Na ofisi kubwa zikikulipa zaidi ya milioni 1 zinakata asilimia 6 ya URA, mamlaka ya kodi, wanataka TIN, namba yako ya mlipakodi, wanataka jina lililosajiliwa, jina la kwenye kadi na la kwenye karatasi za serikali yasipofanana cheki inakaa mezani kwa mhasibu mpaka unazeeka. Mimi nilisajili jina la biashara baada ya lile balaa, jina langu mwenyewe na neno moja mbele yake, Fundi.

Hilo neno watu wanalikimbia. Wanaona linanuka vumbi na oili, fundi baiskeli, fundi bomba, wanataka kitu cha Kiingereza. Lakini kwenye Kiswahili fundi si neno dogo hata kidogo. Huko Visiwa vya Komoro fundi ni mwalimu, ni mtu wa dini anayefundisha watu Kurani, wanamwita hivyo kwa heshima. Na kabla ya kuwa fundi mtu alikuwa mwanagenzi, anakaa na mkubwa wake, anafagia, anashika taa, anauliza maswali ya kijinga na hakuna anayemcheka kwa sababu jina lake lenyewe linasema bado. Mjomba wangu alikuwa na vijana watatu kwenye kile chumba chake na hakuna hata mmoja aliyekuwa anaona aibu kusema mimi bado sijafika kwenye suti, nashona mifuko tu. Siku kijana akimaliza suti ya kwanza mjomba aliivaa yeye mwenyewe kwenda sokoni, akiulizwa nani kashona anamtaja. Cheo kilitoka kinywani mwa mtu mwingine. Mimi nilikaa kwenye meza ileile, naona hayo kila siku, na bado nikaenda kujipachika udairekta.

Simaanishi kila dairekta ni mwongo. Wapo watu wana timu kweli, wanalipa mishahara, wanaongoza kazi ya watu kumi kutoka wazo mpaka uchapaji, hao waitwe madairekta na ni haki yao. Wapo waliosomea Makerere na Kyambogo, digrii wanayo, waiseme. Na unyenyekevu wa uongo nao siupendi, mtu mwenye miaka 15 kwenye kuhariri vidio anasema mi najaribujaribu tu, alafu analipwa pesa ya kujaribu. Huyo naye hajasema kweli. Ukiwa umeiva sema umeiva, na taja bei ya mtu aliyeiva.

Parokia ile ilikaa miaka mitatu bila kuniita. Mwaka wa nne katibu alikuja mwenyewe kwa mguu, akasema amesikia sasa naandika kwenye karatasi vitu nisivyoviweza. Nikamwambia ndiyo, vitabu vya nyimbo vya kushona kwa uzi siviwezi, kalenda naziweza. Akanipa kalenda. Hakuitaja ile ya Pasaka na mimi sikuitaja, lakini zilipofika alizigeuza upande wa kulia kwanza, akahesabu Jumapili za Aprili kwa kidole moja moja mpaka ya mwisho, ndo akasaini.

Hivi ninavyoandika kuna kijana amekaa hapa mezani kwangu, ana miezi saba na mimi. Jumatatu aliniuliza kwenye kadi yake aandike nini, alikuwa amejitengenezea moja kwenye kompyuta imeandikwa dizaina mwandamizi. Sikumkemea. Nilitoa ile kalenda ya 2017, bado ninayo, imening'inia nyuma ya mlango, nikamwonyesha ile 1 ya Pasaka na nikamsimulia yote niliyokusimulia wewe, Mhariri. Akanyamaza kidogo, akafuta. Tukakaa tukaandika pamoja: jina lake, namba ya simu, na chini, Mwanagenzi. Napiga picha za pasipoti, napanga kadi za mwaliko, najifunza kalenda. Akauliza tuchapishe ngapi, 200? Nikamwambia 50 zinatosha, kabla ya mwaka kuisha itabidi tubadilishe.

Ni mimi msomaji wako,
Fundi wa mabango na machapisho,
Arua.